Hataki Zamu za Usiku

Kabula mwanangu,

Barua huanza kwa kumuuliza mtu hali, lakini yako naijua. Saa hizi uko saluni kwa Mwajuma tangu saa nne asubuhi, shingo inakuuma, na utarudi hapa unalalamika kwamba amekukaza nywele mpaka macho hayafumbi. Kwa hiyo tuseme u mzima. Mimi pia ni mzima, ukiacha goti. Ambaye si mzima sana ni mama yako. Tangu asubuhi amelifunga na kulifungua begi lako mara tatu, na kila akilifungua anaongeza michembe, vile viazi vyake vya kukausha. Usibishane naye. Kwamba Geita nako kuna viazi anajua, lakini mkono wake haujui.

Mambo ya kuamka mapema, ya chumba chenye dirisha, ya marafiki wa kuangaliwa mara mbili, amekwisha kukwambia yeye pamoja na shangazi zako wote. Mimi sirudii. Nina jambo moja tu, na nimeamua kuliandika kwa sababu mdomo wangu naufahamu. Mdomo huu ukiona jambo zito, unakimbilia utani. Nikianza kukueleza uso kwa uso nitajikuta nimeingia kwenye kisa cha yule ng'ombe aliyekula kitambaa cha madhabahu, tutacheka, na kesho utapanda basi hujaambiwa kitu.

Jambo lenyewe ni hili. Unawaambia watu kwamba baba yako aliwatetea akina mama wa mgodini kwenye kesi yao. Jumapili iliyopita nilikusikia ukimsimulia mwenzako wa kwaya, tena kwa majivuno. Mimi nilikuwa nyuma ya zizi natengeneza mpini, nikaona haya kujitokeza. Ni kweli siku ya mwisho nilisimama upande wao. Lakini aliyewafikisha mahali pa kuhitaji kesi ni nani? Ni mimi, Kabula. Ni mimi mwenyewe, kwa kalamu yangu. Huko mgodini Geita unakokwenda kuanza kazi wapo watu tuliofanya nao kazi hapa Kahama, watakusimulia, na wengine wana chumvi nyingi mdomoni. Afadhali uisikie kwangu. Halafu naogopa kwamba yaliyowapata wale akina mama yanaweza kukupata na wewe, tena kwa mkono wa watu wanaokupenda.

Wewe ulikuwa mdogo, ulikuwa unanipokea kofia getini na kuivaa mpaka inakufunika pua. Nilikuwa fomeni wa zamu. Chini yangu walikuwa madereva wa yale malori ya kubeba mawe, ambayo tairi lake linamzidi mtu kimo. Kati yao wanawake walikuwa kumi na wanne, na nisikilize vizuri hapa: waliendesha vizuri kuliko wanaume. Sijikombi kwao. Mwanaume ukimpa lori anataka lori lijue kwamba yeye ni mwanaume. Anakanyaga, anakata kona, gia zinalia. Akina mama walikuwa wanashuka shimoni kama mtu aliyejitwika ndoo ya maji, hata tone halimwagiki.

Sasa pale mgodini ngazi ya kupandia ilikuwa moja. Kutoka kwenye lori unakwenda kwenye ekskaveta, ile mashine inayochota mawe. Ukiiendesha miaka kadhaa, ndipo unaweza kuwa fomeni. Mchana hakuna mtu wa kukufundisha ekskaveta, maana mchana wakubwa wanataka mawe yatoke. Mafunzo yalikuwa zamu za usiku tu. Na mtu wa kupeleka majina nilikuwa mimi. Nafasi ikitokea, naletewa fomu za madereva wangu, kila mmoja ya kwake, naandika anafaa au hafai, na sababu yake.

Ona basi akili ya baba yako. Nafasi ya kwanza ilipotokea, jina lililonijia kichwani kabla ya mengine yote lilikuwa la Mama Milembe. Huyo huyo Mama Milembe unayemjua, jirani yetu wa ng'ambo ya mbuga. Lakini nikajiambia, Nkwabi, huyu ni mke wa mtu. Utamtoaje mke wa mtu usiku bila kuongea na mwenye mji, yaani mumewe? Sisi tumelelewa hivyo. Hata jembe la kuazima unaanza kwa mwenye mji. Jioni nikavaa shati safi, nikapanda baiskeli mpaka kwa Baba Milembe. Tulikuwa marafiki wa kulima pamoja, maksai wake mmoja na wangu mmoja, tunawafunga nira moja tunalima kwake halafu kwangu. Tukasalimiana, tukaongea habari za mvua, nikaletewa maziwa ya mgando. Mama Milembe mwenyewe alikuwa jikoni, hatua kumi kutoka nilipokaa. Ndiye aliyetuletea maji ya kunawa. Nikangoja arudi jikoni, ndipo nikamuuliza mumewe kwa sauti ya chini.

Baba Milembe akatikisa kichwa. "Usiku? Hapana bwana. Watoto walale na nani?"

Nikamwambia umesema kweli. Nikamaliza maziwa yangu, nikaaga. Kesho yake nikajaza fomu ya Mama Milembe: Hataki zamu za usiku. Nafasi ile nikampa Shija, kijana aliyekuwa na miezi minane kazini.

Hatua kumi, Kabula! Ningepaza sauti kidogo tu angenisikia.

Basi nikaufanya huo ndio utaratibu. Kila nafasi ilipotokea nilizunguka miji ya watu na baiskeli yangu na shati langu safi, nakunywa maziwa, naulizia wake za watu kwa waume zao, nao wananijibu hapana, au wananijibu tutaona. Tutaona nayo niliiandika hataki. Mama Rahel alikuwa mjane, hana mume wa kuulizwa. Unafikiri nilimuuliza yeye? Thubutu! Nilimpigia simu shemeji yake aliyeko Chato, mvuvi mmoja ambaye alikuwa hajamtembelea kwa miaka miwili. Yule bwana akasema ngoja aulize ukoo. Mpaka leo bado anauliza.

Na nilijiona mtu mwema, hilo ndilo linaloniuma. Ningekuwa na chuki nao ningejua nina dhambi, ningekwenda kuungama. Lakini wakinisalimia "Shikamoo fomeni," niliitikia marahaba kwa moyo mweupe kabisa. Niliwapa malori mapya. Mwenye mimba nilimwondoa mapema kwenye njia mbovu. Nilisema kila mahali kwamba mimi akina mama wangu nawaheshimu, na nilikuwa namaanisha.

Wao nao walikuwa na macho. Shija huyo huyo, Mama Milembe ndiye aliyemfundisha kurudisha lori kinyumenyume. Baada ya miaka michache Shija akawa fomeni, anampangia Mama Milembe zamu. Akina mama wakaanza kwenda ofisi ya utumishi, leo huyu, mwezi ujao yule, na kila mmoja anaambiwa maneno yale yale: subiri, muda wako utafika. Kila mmoja alirudi akidhani shida ni yake peke yake, labda hana bahati, labda kuna mahali alikosea. Mpaka siku ya msiba wa mama yake mmoja wao. Walikaa jikoni wanachambua mchele, wakaanza kusimuliana, wakakuta hadithi ni moja. Waliingia jikoni wakiwa waombolezaji, wakatoka wakiwa na kesi.

Wakaenda Shinyanga mjini kwa wakili mmoja mwanamke. Akawaambia, mmoja mmoja mtaambiwa ni ugomvi wako na bosi wako, lakini mkija wote na jambo lenu moja, hilo si la mtu mmoja tena. Yakapita ya usuluhishi bila kupatana, wakili akaomba mahakama iruhusu wawili wasimame kwa niaba ya wote kumi na wanne. Ikaruhusu. Waliosimama ni Mama Milembe na Mama Rahel.

Unajua mgodi ulijibu nini? Ulijibu hivi: sisi hatukumbagua mtu, hawa akina mama walikataa wenyewe, na ushahidi huu hapa. Zikatolewa fomu. Miaka saba ya fomu, na kila moja ina mwandiko wa baba yako.

Hapa sasa soma polepole, maana mpaka hapa ungeweza kusema baba alikosea bila kujua. Ofisi ya utumishi waliniita. Kulikuwa na karatasi imeshaandikwa tayari, kwamba mimi Nkwabi fomu zote nilizijaza baada ya kuzungumza na wahusika wenyewe. Wakanipa kalamu. Nilijua si kweli. Nilikumbuka mpaka ladha ya yale maziwa. Nikasaini. Nilikuwa nimebakiza muda mfupi nistaafu, wewe uko kidato cha pili, nikajiambia wakubwa wamalizane wao. Nikarudi nyumbani nikala vizuri. Hilo sikulifanya kwa ujinga, nililifanya macho makavu, na ndilo nililokuficha miaka yote hii.

Jumamosi moja mchana, Mama Milembe akapiga hodi hapa kwetu. Wewe ulikuwa shuleni bweni. Akasalimia, akauliza ng'ombe, akauliza goti la bibi yako. Mama yako akampakulia ugali kwa mlenda, akala wote, akausifia. Mimi nikaanza kupumua. Kumbe! Aliponawa, akatoa karatasi kwenye pochi.

"Baba Kabula, nisomee hapa. Macho yangu siku hizi."

Macho yake hayana lolote, yule anaona jiwe likibingirika upande wa pili wa shimo. Nikasoma: hataki zamu za usiku.

"Mwandiko wa nani?"

"Wangu."

"Uliniuliza lini? Nikiwa kwenye lori, au siku ile nilipowaletea maji ya kunawa?"

Mimi, mtu wa maneno, nimekaa pale na karatasi kama mtoto aliyeitwa ubaoni. Mama yako alikuwa anapepeta mchele pembeni. Ungo ukanyamaza. Mama Milembe hakunitukana. Angenitukana ningepata pa kushika. Aliikunja karatasi yake akasema, "Miaka yote nilikuwa najiuliza nimekosa nini. Wabeja, asanteni kwa chakula," akaondoka.

Mama yako akaniuliza swali moja tu. "Na mimi? Wakija kuniulizia mimi, huwa unawajibu nini?"

Nikamwambia hawajawahi kuja. Akaendelea kupepeta. Mpaka leo sina hakika kama aliniamini. Ila Jumatatu asubuhi nilikuta shati langu limepigwa pasi na nauli ya Shinyanga iko mfukoni, na sikuwa nimemwambia mtu kwamba ninasafiri. Nikasafiri. Ungefanyaje na mwanamke kama yule?

Nilimweleza wakili wa akina mama kila kitu, na ile karatasi niliyosaini nikaikana mbele ya mahakama. Wakili wa mgodi akasimama, akaniuliza kwa dharau nani alinituma nizunguke kuuliza waume za watu. Nikasema hakuna aliyenituma, ni heshima tu. Watu wakacheka. Nami nikacheka kidogo, unanijua. Ndipo wakili wa akina mama akainuka, dada mmoja mwembamba, mpole kabisa.

"Shahidi, huyu Shija alipopewa mafunzo alikuwa ameoa?"

"Alikuwa ameoa mwezi uliotangulia."

"Ulikwenda kumuuliza mke wake?"

Kabula, nakuapia, wazo hilo lilikuwa halijawahi kunipita kichwani. Nilibaki nimeshika ukingo wa kizimba cha mashahidi. Wanaume niliowapeleka usiku walikuwa wengi, wote wana wake, wote wana watoto wa kulala na mtu, na sikuwahi kupanda baiskeli hata mara moja. Nikajibu hapana. Na hapo sikucheka, wala hakuna aliyecheka.

Hata hukumu haikufika. Mgodi uliomba yazungumzwe, wakakubaliana. Fomu zangu zikafutwa. Ikawa nafasi ya mafunzo inabandikwa ukutani, anayetaka anaandika jina lake mwenyewe. Akina mama wakaitwa upya. Mama Milembe leo ni fomeni, ana zamu nzima chini yake, na sauti yake kwenye redio ya kazini inawanyoosha vijana kama fimbo.

Baba Milembe alinichukia. Alisema nimemvua nguo mbele ya mahakama, na alikuwa na haki ya kukasirika, maana nilimtaja kwa jina. Akaja asubuhi moja akamfungua maksai wake, akaondoka naye bila kunisalimia. Maksai mmoja halimi. Msimu ule nililima kwa jembe la mkono, na goti hili lilianzia pale. Alirudi mwaka uliofuata, nilipofiwa na kaka yangu, akakaa matanga siku zote nne bila kusema kitu, siku ya tano akasema nira yangu imeoza, atachonga mpya. Siku hizi ukikaa naye kilabuni utachoka: mke wangu fomeni, mke wangu fomeni. Mtu akimuuliza nani aliyesema hapana siku ile, anasema ni Nkwabi.

Mama Rahel ndiye ninayemfikiria zaidi. Zamu yake ilipofika, mgongo ulikuwa umeshachoka, akajaribu ekskaveta wiki tatu akaiacha. Nilikwenda kumwomba msamaha, safari hii nikamwomba yeye mwenyewe, si shemeji. Akanisamehe. Akasema, "Nimekusamehe, Baba Kabula, lakini miaka yangu huwezi kunirudishia." Nikasema pole, akasema asante, akaendelea kupalilia mahindi yake. Nikachukua jembe lililokuwa pale, tukapalilia wote mpaka mchana. Sikujua kitu kingine cha kufanya.

Nimeishi vizuri baada ya hapo, usinionee huruma. Nina mpunga wangu, nina mama yako, nina wewe unayejua kuendesha lori kunizidi mimi nilipokuwa dereva. Nikikaa jioni hapa nje roho yangu imetulia. Ila nilidhani ule ugonjwa umeisha kwangu, kumbe umejificha. Nakueleza jinsi nilivyogundua.

Juzi Alhamisi simu iliita. Shija. Yule yule. Siku hizi ni fomeni huko huko Geita unakokwenda, na ameliona jina lako kwenye orodha ya madereva wapya.

"Shikamoo mzee. Binti yetu anaanza Jumatatu. Nina nafasi moja ya mafunzo ya ekskaveta, usiku. Nimeona nikuulize wewe kwanza, mzazi."

Ng'wanone, mwanangu, nitakuficha nini? Nilifurahi kuulizwa. Kifua kilijaa. Nilijiona mwenye mji. Na jibu nilikuwa nalo mdomoni tayari, sikulitafuta, lilikuja lenyewe kama kikohozi. Nikaling'ata. Nikamwambia nipe siku mbili. Siku mbili za nini? Sikukwambia wewe, sikumwambia mama yako. Siku mbili nimezunguka nalo kwenye majaruba ya mpunga, nakuwazia giza, nakuwazia lile shimo, nakuwazia wanaume, nawaza jinsi ilivyo rahisi kusema neno moja tu kwenye simu na wewe usijue milele. Ungefikiri hukubahatika.

Leo asubuhi, ulipotoka tu kwenda kusukwa, nilimpigia.

"Shija, hiyo mashine siendi kuiendesha mimi. Muulize Kabula."

Akasema, bila ubaya wowote, "Lakini mzee, si wewe ndiye uliyetufundisha hivi?"

Nikamwambia ndiyo, nilikufundisha mimi, na nilikufundisha vibaya. Nikampa namba yako.

Atakupigia kesho jioni ukishafika. Jibu langu lililokuwa mdomoni sitaliandika hapa, na nakuomba usinipigie kwanza kuniuliza baba unasemaje. Nakujua, utataka kuniuliza. Mjibu Shija. Ukishamjibu, ndipo unipigie uniambie umesemaje. Nitakuwa nimekaa na simu mkononi.

Baba yako,
Nkwabi